Kupima Mashua na Kuichora Kwenye Kompyuta: Mwongozo Kamili

Mafundi wa pwani yetu huunda kwa jicho. Mashua iliyofungwa Bandari ya Kale ya Mombasa, au iliyopandishwa mchangani kule Mtongwe, haikutoka kwenye karatasi. Ilitoka kwenye uzi, fito, na fundi aliyerudi nyuma hatua kadhaa, akafumba jicho moja, akaamuru ubao usogezwe upana wa kidole. Chombo kama hicho kikioza na kupasuliwa kuni, umbo lake linakwenda nacho. Ukilipima na kulichora kwenye kompyuta, utaweza kukata taruma jipya (mti uliopinda wa ndani unaoshikilia mbao za ubavu) linaloingia mahali pake bila kuchongwa na kuchongwa tena, kujua chombo kinabeba tani ngapi, kukiundia ndugu yake, au kumwachia kijana anayejifunza ufundi kitu cha kukisoma.

Nitatumia mfano wa mashua ya mita 9 yenye upana wa mita 3 na shetri bapa, yaani nyuma iliyo bapa. Kwa dau, ngalawa au boti ya faiba njia ni ile ile. Vipimo ndivyo vinavyobadilika.

Jambo moja ulishike tangu sasa, maana kazi yote inalizunguka. Kila nukta utakayoipima ina kosa lake dogo: futi ililegea, upepo ulivuma, ubao ulikuwa na tone la lami. Umbo la kweli ni lile ambalo ubao ulikubali kupinda. Mstari wa kompyuta ukilazimishwa upite katikati ya kila nukta utatoka na vilima na mabonde ambayo hakuna mninga wala mvule unaoweza kuyafuata. Kazi yako ni kutafuta mpindo mlaini kuliko yote unaopita karibu vya kutosha na nukta zako zote.

Siku ya kupima

Chombo kilichopandishwa kutiwa kalafati (pamba ya kuziba mishono) au kupakwa deheni (mafuta na chokaa) ndicho rahisi kuliko vyote, na miezi ya kusi, bahari ikichafuka, utavikuta vingi juu. Kama chombo kiko kazini, itabidi uende na maji. Hapa Mombasa maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa mpaka kupwa ni saa 6 na dakika chache. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, tofauti ya maji Kilindini hupita mita 3, kwa hiyo mashua iliyoegeshwa maji yakiwa juu itakauka kabisa. Siku za maji mafu huenda ikabaki na tumbo majini mchana kutwa. Angalia jedwali la maji la Kilindini, chagua bamvua. Siku hizo maji hupwa asubuhi mwendo wa saa 4 au saa 5, na wewe unapata kama saa 4 za kazi kabla hayajarudi. Uwe na watu wawili wa kukusaidia: mmoja ashike ncha ya futi, mwingine aandike.

Mwombe ruhusa mwenye chombo. Kisha mtafute fundi aliyekiunda kama yu hai, umsalimie, ukae naye, umweleze unachotaka kufanya na kwa nini. Umbo lile ni ujuzi wake, naye ana haki ya kupata nakala ya mchoro. Muulize mambo matatu: mbao zina unene gani, ni wapi palipotengenezwa upya, na je, mkuku (mti mrefu wa chini, uti wa mgongo wa chombo) umeinama? Chombo cha mbao kikizeeka, omo (mbele) na tezi (nyuma) hushuka na katikati hupanda, kwa sababu maji huisukuma zaidi sehemu pana ya katikati huku ncha zikibeba uzito wao wenyewe. Usipoliuliza hilo utachora uzee wa chombo ukidhani ni ubunifu wa fundi.

Vifaa

Futi ya chuma ya mita 8 na nyingine ya mita 30. Futi ya kitambaa inavutika, iache nyumbani. Timazi mbili nzito. Uzi wa waashi wa nailoni, vigingi, nyundo, guniya kubwa, chaki ya rangi mbili, rula ya alumini ya waashi yenye urefu wa mita 2 au zaidi. Mpira wa maji unaoonyesha ndani, mita 12 hivi, ule wanaotumia waashi kusawazisha msingi. Ndoo ya maji. Ufito wa mbao mnyoofu usio na fundo, urefu wa mita 3, unene kama wa kidole. Daftari na penseli, maana kalamu ya wino na jasho havipatani.

Ndoo ni ya timazi. Ufukweni upepo haukomi, na timazi inayobembea inaweza kukupa kosa la sentimita 2 bila wewe kujua. Ukilizamisha jiwe la timazi ndani ya ndoo, maji yanalituliza. Ngoja uzi usimame, ndipo usome.

Kukipa chombo misingi mitatu

Kila nukta itakuwa na namba tatu. X ni urefu: sifuri iko kwenye ncha ya omo, namba zinakua kuelekea tezi. Y ni nusu upana, yaani umbali kutoka mstari wa katikati wa chombo kwenda ubavuni. Z ni kimo kutoka chini ya mkuku, mahali pa katikati ya urefu.

Chombo kilichokaa mchangani karibu kila mara kimelala upande. Kama kina magadi (magogo ya kukiegemeza), kiinue taratibu kwa kabari mpaka timazi inayoning'inia juu ya fashini ya tezi (mti wa wima wa nyuma) ifuate mstari wake wa katikati. Kama hakiinuki, kiache, upime ulalo wake, na kompyuta itakisimamisha baadaye. Jaza mpira wa maji, hakikisha hauna povu la hewa ndani, weka ncha moja kwenye ukingo wa juu wa kushoto na nyingine wa kulia, mahali pamoja pa urefu wa chombo. Tuseme upande mmoja uko chini kwa milimita 120 na upana wa pale ni milimita 3000. 120 gawanya kwa 3000 ni 0.04, nayo ni ulalo wa nyuzi 2.3. Linganisha na timazi ya fashini, kwa sababu huenda kingo zenyewe hazikulingana tangu chombo kilipoundwa. Majibu mawili yakipishana, liamini lile la fashini.

Sasa vuta uzi chini, mita 2 kutoka mstari wa katikati, kutoka mbele ya omo mpaka nyuma ya tezi, kila upande uzi wake. Nyuzi mbili zikiwa sambamba na ncha zikilingana, mishazari ya mstatili wake italingana pia. Ipime kwa futi ya mita 30. Ikipishana zaidi ya milimita 10, rekebisha vigingi kabla hujagusa chombo. Kosa la hapa litaingia katika kila namba utakayoandika.

Gawanya urefu katika vituo 11, kuanzia 0 mpaka 10. Kwa mashua yetu ni kila milimita 900. Ongeza vituo vya nusu kwenye 0.5, 1.5 na 9.5, kwa sababu omo na tezi hubadilika umbo haraka kuliko tumbo. Idadi ya vituo vikuu iwe namba witiri. Faida yake utaiona kwenye hesabu ya ujazo.

Kupima mkato wa kila kituo

Njia ninayoiamini ni ya futi mbili, kwa sababu haihitaji kitu chochote kishikwe sawa sawa angani. Simamisha rula ya alumini kwenye uzi, mita 2 kutoka katikati, uinyooshe kwa timazi. Juu yake piga misumari miwili: A chini, na B juu yake kwa umbali wa mita 1.5. Tia alama ya chaki kwenye ubavu wa mashua, pima umbali kutoka A mpaka alama, kisha kutoka B mpaka alama ile ile. Umbali hizo mbili, a kutoka A na b kutoka B, pamoja na d ya kati ya A na B, zinaitosha hesabu:

kimo juu ya A = (a² − b² + d²) ÷ 2d
umbali kutoka rula = kipeuo cha pili cha (a² − kimo²)

Tuchukue alama moja ya kituo cha 3. Kutoka A ni mita 1.30, kutoka B ni mita 1.10, na d ni 1.5. Juu ya mstari wa mgawanyo tunapata 1.69 − 1.21 + 2.25, yaani 2.73, ukigawanya kwa 3 ni 0.91. Kipeuo cha pili cha 1.69 − 0.828 ni 0.93. Rula iko mita 2 kutoka katikati, basi nusu upana ni 2.00 − 0.93 = mita 1.07. Kama msumari A uko mita 0.20 juu ya sifuri ya Z (uliipata kwa mpira wa maji), kimo cha alama ni mita 1.11. Nukta moja imekwisha. Jedwali la Excel au LibreOffice Calc litafanya zilizobaki. Ufukweni wewe andika a na b tu, usianze kukokotoa.

Nukta 8 mpaka 10 kwa kituo zinatosha. Ziweke karibu karibu pale tumbo linapogeuka kuelekea chini, kila milimita 80 au 100. Pale ubavu ulipo karibu bapa, milimita 250 si mbali. Wengi hupima nukta nyingi mahali panapofikika kwa urahisi na chache chini ya tumbo kwenye tope, na huko chini ndiko umbo lilikojificha. Lala chini upime.

Hakikisha alama zote za kituo zimo katika ukuta mmoja ulio pembemraba na uzi wa urefu. Guniya kubwa chini ya rula itakuongoza. Kwenye omo, ambako ubavu unakimbia mshazari, alama ikisogea milimita 30 mbele inabadilisha nusu upana kwa milimita kadhaa.

Pima pande zote mbili. Ukiwa huna muda, pima upande mmoja vituo vyote na upande wa pili vituo vitatu, lakini usidhani kushoto ni sawa na kulia. Vyombo vilivyoundwa kwa jicho hupishana, na hiyo si aibu ya fundi. Ni habari ambayo mchoro unapaswa kuwa nayo.

Baada ya mikato kuna mistari mirefu mitatu: ukingo wa juu, mkuku, na mahali ubao wa kwanza unapoingia kwenye mkuku. Ipime katika kila kituo. Kwa hanamu (mshazari) ya omo, shusha timazi kutoka ncha ya juu kabisa, kisha kila milimita 100 ya kimo pima umbali wa mlalo kutoka uzi mpaka mbao. Andika pia unene wa ubao. Pima kwenye tundu au ukingo ulio wazi, usikisie.

Picha za simu

Simu nzuri inaweza kupiga picha 150 za chombo, na programu kama Meshroom, ambayo ni ya bure lakini kwa kazi kamili inataka kompyuta yenye kadi ya picha ya NVIDIA, ikazigeuza kuwa wingu la mamilioni ya nukta. Zunguka chombo kwa miduara miwili, wa chini na wa juu, kila picha ikionyesha tena angalau theluthi mbili za ile iliyotangulia. Piga jua likiwa limefichwa na wingu. Chombo kilichopakwa deheni ni cheupe kitupu na programu haioni cha kushika. Kichorechore kwa chaki ya rangi. Weka vipande vya mbao vyenye urefu unaojulikana, mita 1 kila kimoja, ili wingu lipate kipimo chake.

Lakini wingu hilo haliwi mchoro. Lina kila tone la lami na kila mshono. Litumie kama shahidi wa pili wa kuhakiki vipimo vya futi. Programu ya bure ya CloudCompare itakuonyesha kwa rangi ni wapi viwili hivi vinapishana.

Jedwali, na namna ya kulinasa kosa

Hapa ndipo mwenye subira anapookoa siku nzima za kuvutana na kioo cha kompyuta. Andika kila kitu kwa milimita, safu tatu: X, Y, Z. Kabla hujafungua programu ya kuchora, panga nusu upana za kimo kimoja kwa mfuatano wa vituo, toa kila namba kutoka kwa inayofuata, kisha toa tena tofauti kwa tofauti.

Tuseme kwenye kimo cha milimita 600, vituo 2 mpaka 8 vimekupa:

620, 905, 1110, 1270, 1300, 1290, 1210

Kwa macho hazina neno. Tofauti za kwanza ni 285, 205, 160, 30, −10, −80. Tofauti za pili ni −80, −45, −130, −40, −70. Tazama zinavyoyumba: −45, kisha −130, kisha −40. Ubao hauwezi kupinda hivyo. Kosa moja katika kipimo huacha alama yake: linaongeza kiasi fulani kwenye tofauti ya pili ya kabla yake, linapunguza mara mbili ya kiasi hicho katikati, na kuongeza tena baada yake. Katikati ya alama ni kituo cha 5, na kiasi kinakaribia 30. Badilisha 1270 iwe 1240 na ukokotoe tena: −80, −75, −70, −70, −70. Namba zimetulia kama maji ya asubuhi. Sasa rudi kwenye daftari uone kama 4 ilisomwa 7. Kama haikusomwa hivyo, nenda ukapime kituo cha 5 upya. Usibadilishe namba kwa sababu tu hesabu imependa, maana huenda pale pana ubao uliofura kweli.

Mtego mmoja wa kiufundi: kompyuta nyingine huandika desimali kwa mkato badala ya nukta, na faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) likiingia kwenye programu ya kuchora namba zote hukatika. Fungua faili kwanza kwa programu ya maandishi matupu, uangalie mistari kumi ya juu.

Kuchora mipindo

Kwa programu, Rhino ndiyo inayofaa zaidi kwa kazi hii, ila inalipiwa. Unaweza kuitumia kwa majaribio siku 90. FreeCAD ni ya bure kabisa, na ukiiongezea kiambata cha Curves inafanya karibu yote ninayoyaeleza hapa. DELFTship imetengenezwa kwa ajili ya vyombo vya majini, nayo ina toleo la bure. Kwa anayeanza bila pesa, FreeCAD.

Inafaa kujua mstari huu wa kompyuta ulitoka wapi. Wachoraji wa meli wa Ulaya walikuwa wakipinda ufito mwembamba juu ya meza na kuushika kwa vipande vizito vya risasi, kisha wanafuata ukingo wake kwa penseli. Mwaka 1946 mwanahisabati Isaac Schoenberg aliupa mstari wa namna hiyo jina la ufito huo, spline. Kisha Paul de Casteljau, akiwa Citroën mwaka 1959, na Pierre Bézier wa Renault katika miaka ya 1960, wakaonyesha namna ya kuuongoza mpindo kwa nukta chache zilizo nje yake. Ufito uliopindwa kidogo kati ya vizito viwili hufuata mstari wa daraja la 3, yaani wa hesabu yenye kipeo cha tatu, na ndiyo sababu tunachora kwa daraja la 3. Fundi wa Mombasa mwenye ufito mkononi na kompyuta yako wanafanya kazi moja.

Leta nukta zako kwenye programu, kila kituo katika tabaka lake na rangi yake, kisha lifunge tabaka ili nukta zisisogee. Sasa chora mpindo wa kituo cha 5, kutoka mkuku mpaka ukingo wa juu, kwa nukta za udhibiti, si kwa amri inayopitisha mstari juu ya nukta zilizopimwa. Nukta za udhibiti 5 au 6, basi. Nukta ya kwanza iwe juu ya mkuku, ya mwisho juu ya ukingo. Zile za katikati zinaelea nje ya mpindo na kuuvuta kuelekea kwao. Zivute mpaka mpindo upite ndani ya milimita 5 za kila kipimo. Ukiona haufiki, kishawishi kitakuwa kuongeza nukta ya saba na ya nane. Usikubali upesi. Kwanza jiulize kama kipimo ni sahihi, kisha zisogeze zile ulizo nazo.

Washa chanuo la mpindo: vijistari vinavyosimama juu ya mstari, virefu pale unapopinda sana, vifupi pale uliponyooka. Kwenye mkato wa tumbo unataka kuona kilima kimoja kipana kinachopanda na kushuka taratibu. Jino lililochomoza peke yake ni kosa. Meno yakivuka kwenda upande wa pili wa mstari, ubavu umeingia ndani; hilo ni halali karibu na mkuku kwenye omo na tezi, ambako mbao huingia ndani kweli, lakini katikati ya tumbo si halali hata kidogo.

Pale ubao unapokutana na mkuku pana kona ya kweli. Usiizungushe. Ishia mpindo hapo na mkuku uchore peke yake.

Mipindo yote ianzie mkuku na kuishia juu, yote iwe na daraja moja na idadi moja ya nukta. Ukichanganya, mmoja wa nukta 5 na jirani yake wa nukta 9, programu itaongeza nukta za siri katika uso wote, na hutaweza kuulainisha tena.

Kutoka mipindo mpaka uso

Wengi huchora mipindo ya vituo vyote 14 na kuamuru programu itandaze uso juu yake. Uso utatoka, na utakuwa na mawimbi, kwa sababu kila kituo kinavutia kwake. Mimi nashauri kinyume. Chora kwanza mistari mirefu, ukingo wa juu na mkuku, kila mmoja kwa nukta 7, na uilainishe mpaka chanuo litulie, kwa sababu mbao hukimbia kwa urefu na jicho hukamata kasoro ya ukingo kabla ya kitu kingine. Kisha tandaza uso juu ya vituo vitano tu: 1, 3, 5, 7 na 9, pamoja na omo na shetri. Vituo vilivyobaki viweke kando kama mashahidi. Uso ulioundwa bila vituo 2, 4, 6 na 8 ukipita ndani ya milimita 5 mpaka 8 za vipimo vyake, umelipata umbo. Usipopita, ujue ni wapi pa kuangalia.

Uso wenye nukta 7 kwa urefu na 6 kwa kimo una nukta 42, na unatosha kwa mashua nzima. Wakati wa kuurekebisha, sogeza nukta kwa Y na Z tu, X iache ilivyo, na tazama safu za wavu wa nukta zenyewe: safu ya wavu ikiwa na kona, uso chini yake utakuwa na kovu. Kwenye omo, usikusanye safu nzima katika ncha moja; uso hukunjamana pale. Acha ukingo wa uso ufuate hanamu kutoka juu mpaka chini.

Kuukagua

Kata uso kwa milalo kila milimita 100, kisha kwa mikato ya wima ya urefu, kisha kwa mishazari inayotoka mstari wa katikati na kushuka kuelekea tumbo. Mishazari ndiyo hakimu mkubwa, maana inakaribiana na njia ya mbao. Washa chanuo kwenye kila mmoja. Kisha washa milia ya pundamilia juu ya uso: milia ikipinda kwa utulivu, uso ni laini, ikivunjika au kutetemeka, kuna tatizo hata kama nukta zote zimekubali.

Tengeneza jedwali la umbali wa kila kipimo kutoka kwenye uso, lenye alama ya kuongeza au kutoa. Makosa yaliyotawanyika, haya juu, hayo chini, ni ya kawaida. Kituo kizima kikiwa nje kwa milimita 8 upande mmoja, rula yako haikusimama mita 2 kamili siku ile.

Halafu rudi ufukweni na ule ufito wa mita 3. Ulaze kwenye ubavu, uubonyeze kwa viganja, ukiufuata mwelekeo wa mbao. Mahali mchoro unaonyesha bonde, mwanga lazima upite chini ya ufito. Mwite fundi aangalie skrini pia. Atatambua haraka kuliko wewe kama omo imenona kupita kiasi.

Kuhusu kushoto na kulia: kama unachora kwa ajili ya matengenezo, weka kila upande na uso wake. Kama unataka kuunda chombo kipya, chukua wastani, na uondoe pia kuinama kwa mkuku.

Kuutumia mchoro

Ujazo wa sehemu iliyo majini hupatikana kwa kanuni ya Simpson, inayotaka vituo witiri. Tuseme mstari wa maji una urefu wa mita 7.2 na umeukata kwa vituo 5 vyenye nafasi ya mita 1.8, maeneo ya mikato chini ya maji ni 0, 0.45, 0.80, 0.60 na 0.05 mita za mraba. Zidisha kwa 1, 4, 2, 4, 1, jumlisha upate 5.85, kisha zidisha kwa theluthi ya nafasi, yaani 0.6: mita za ujazo 3.51. Maji ya bahari yana kilo 1025 hivi kwa mita ya ujazo, basi chombo na vilivyomo ni kilo 3600 kwa makadirio. Linganisha na alama ya mwani na uchafu iliyobaki ubavuni. Inakwambia chombo hukaa wapi kweli.

Kwa kiolezo cha taruma, kumbuka umepima nje ya ubao, na taruma liko ndani. Unene hutolewa kwa pembemraba na uso wa ubao, si kwa mlalo wa mkato. Katikati ya chombo tofauti ni ndogo. Kwenye omo, pale ubavu umegeuka nyuzi 45, ubao wa milimita 30 unachukua milimita 42 kwenye mkato. Kwa hiyo sogeza uso mzima ndani kwa milimita 30 kwanza, ndipo ukate mikato.

Chapisha kwa kipimo kamili kwenye duka lenye mashine za ramani za ujenzi. Karatasi hunyonya unyevu, na Mombasa unyevu haukosekani. Weka kwenye kila karatasi mstari wa milimita 1000 kwa urefu na mwingine kwa upana, uupime kwa futi ya chuma kabla ya kukata mbao. Ukipishana kwa milimita 3, kiolezo kirefu kitakupeleka kombo.

Weka faili tatu: jedwali la asili la a na b lisiloguswa, jedwali la nukta lililosahihishwa, na uso wenyewe katika faili la STEP ambalo programu nyingine zinaweza kulifungua. Kila nukta uliyoikataa ibaki katika jedwali la pili pamoja na sababu yake, ili atakayekuja kukipima chombo kile kile ajue ulichokiona.